Kuguswa bila kuguswa: Stima inapoandika hisia ndani ya ubongo

Umewahi kuhisi simu ikitetemeka mfukoni, ukaichomoa mbio ukidhani kuna pesa imeingia, kumbe kimya? Hakuna meseji, hakuna aliyepiga. Wakati mwingine hata simu yenyewe haiko mfukoni, uliiacha nyumbani kwenye chaji. Lakini paja lilihisi mtetemo, na ungeulizwa ungeapa.

Usijicheke. Hayo huwapata wengi, na yanafichua jambo ambalo huwa hatulifikirii: kazi ya kuhisi haiishii kwenye ngozi. Ngozi hutuma ripoti tu. Uamuzi kwamba "nimeguswa hapa" hufanyiwa juu, kwenye ubongo, na ubongo ni kama mhariri mwenye haraka. Kuna siku huchapisha habari ambayo haikutokea.

Sasa, kama ubongo unaweza kuhisi kitu kisichokuwepo kwa bahati mbaya, si mtu anaweza kuufanya uhisi kwa makusudi? Anaweza. Tangu 2015, watafiti nchini Marekani wamekuwa wakifanya hivyo kwa watu waliopooza, wakitumia stima kidogo sana inayopitishwa moja kwa moja ndani ya ubongo. Mtu hajaguswa popote, macho ameyafumba, lakini anakwambia: hapo umenigusa kidole cha shahada.

Ukifuatilia habari hizi mitandaoni utadhani tayari tunaishi ndani ya sinema. Roboti zinahisi, binadamu anageuka mashine, na kila kitu ni kazi ya Elon Musk. Ukweli ni mdogo kuliko makelele hayo, na kwangu mimi unavutia zaidi. Tena unabeba deni ambalo wanaoshangilia hawalitaji. Twende polepole.

Nathan Copeland alikuwa na umri wa miaka 18 alipopata ajali ya gari katika jimbo la Pennsylvania mwaka wa 2004. Shingo ilivunjika, uti wa mgongo ukaumia, akabaki bila uwezo wa kutembea wala kutumia vidole vyake. Katika jeraha la aina hii, mkono wenyewe hauna kasoro, na ubongo nao uko sawa kabisa. Kilichoharibika ni njia ya katikati. Chukulia daraja limesombwa na mafuriko: magari yamejaa upande huu, abiria wanangoja upande ule, na hakuna kinachovuka.

Mwaka wa 2015 Copeland alikubali kufanyiwa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Madaktari walifungua fuvu na kupandikiza vibao vinne, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati, vyenye elektrodi nyembamba kama sindano zinazozama kidogo tu kwenye gamba la ubongo. Viwili viliwekwa kwenye eneo linaloamuru misuli ya mkono. Kazi yake ni kusikiliza. Copeland akiwaza kusogeza mkono, vibao hivyo vinanasa mawimbi ya seli, kompyuta inayatafsiri, na mkono wa roboti ulio kando yake unasogea.

Hiyo sehemu ya kusikiliza haikuwa ngeni. Mwaka wa 2012, katika chuo hicho hicho, Jan Scheuermann, mwanamke aliyepooza kuanzia shingo kwenda chini, aliongoza mkono wa roboti kwa mawazo na kujilisha chokoleti. Dunia ilipiga makofi. Lakini mkono ule ulikuwa bubu: uliamriwa, haukujibu. Ili ajue ameshika au hajashika, ilibidi aukodolee macho.

Vibao viwili vilivyobaki kichwani mwa Copeland ndivyo vilivyoleta jambo jipya. Viliwekwa eneo la jirani, lile linalopokea hisia kutoka mkononi, na kazi yake si kusikiliza bali kusema. Kwenye vidole vya roboti kuna vitambuzi. Kidole cha chuma kikiguswa, kitambuzi kinatuma ujumbe kwa kompyuta, kompyuta inapitisha mapigo ya stima kwenye elektrodi husika, na Copeland anahisi kidole chake mwenyewe kimebonyezwa. Kile ambacho hakuwa amekihisi kwa zaidi ya miaka 10.

Oktoba 2016, matokeo yalipochapishwa, Barack Obama (ndiyo, huyo huyo wetu) alizuru Pittsburgh akiwa bado rais, na akagotana na mkono wa roboti wa Copeland mbele ya kamera. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Kilichosahaulika ni kwamba habari kubwa haikuwa mkono kusogea. Habari ilikuwa mkono kuhisi.

Pengine unajiuliza hisia ni za nini kama macho yapo. Jaribu kujichunguza leo ukila ugali. Ukimega tonge, ukalifinyanga, ukalibonyeza katikati ili lichote mboga, unaangalia vidole? Unaangalia runinga, au unachati na mkono wa pili. Vidole vinajua vyenyewe tonge ni moto kiasi gani, linateleza wapi, libanwe zaidi au liachiliwe.

Roland Johansson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi, ana jaribio maarufu linaloonyesha hali ilivyo bila hisia hizo. Mtu anatiwa ganzi kwenye ncha za vidole, halafu anaambiwa awashe kiberiti. Misuli yake iko sawa, macho yanaona kila kitu. Njiti inamponyoka. Anaiokota, inapinduka. Anajaribu tena. Kazi ambayo wewe huifanya gizani stima zikipotea inageuka kuwa mtihani.

Kisha kuna Ian Waterman wa Uingereza. Mwaka wa 1971, akiwa na miaka 19, aliugua, na baada ya ugonjwa ule neva zinazoleta hisia za mguso na za mahali viungo vilipo zikafa kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza. Lakini hakuweza kusimama, kwa sababu mwili haukumwambia miguu iko wapi. Alijifunza kutembea upya kwa kuiangalia miguu yake kila hatua, akipiga hesabu. Taa zikizimika ghafla, alianguka. Fikiria hilo kwa dakika moja: kutembea kwake kulitegemea balbu.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema hisia ya mguso ni marembo ya kuongezea roboti, mwambie asome kuhusu Waterman.

Wazo la kugusa ubongo kwa stima halikuanza na kampuni za Silicon Valley. Katika miaka ya 1930, Wilder Penfield, daktari wa upasuaji mjini Montreal, Canada, alikuwa akiwafanyia upasuaji wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Inatisha kusikia, lakini ubongo wenyewe hauna neva za maumivu, kwa hivyo ganzi kwenye ngozi ya kichwa ilitosha. Kabla ya kukata chochote, aligusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa elektrodi yenye stima kidogo na kumuuliza mgonjwa anahisi nini. Gusa hapa: kidole gumba kinawasha. Sogea kidogo: mdomo. Sogea tena: mguu.

Mwaka wa 1937, Penfield na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha ramani iliyotokana na wagonjwa wengi kama hao. Ukiichora ramani hiyo kama mtu, unapata kiumbe cha ajabu chenye midomo minene, viganja vikubwa kama sufuria na mgongo mwembamba. Ubongo haugawi ardhi kwa ukubwa wa kiungo. Hugawa kwa kazi ya kiungo. Unaweza kuthibitisha: mwambie rafiki akubonyeze mgongoni kwa kalamu mbili zilizokaribiana, utadhani ni moja. Akufanyie hivyo kwenye ncha ya kidole, utajua mara moja ni mbili.

Baadaye, mwaka wa 1998, Ranulfo Romo na wenzake nchini Mexico walionyesha jambo lililowapa watafiti moyo. Waliwafundisha nyani kulinganisha kasi ya mitetemo miwili kidoleni. Kisha mtetemo mmoja ukaondolewa, badala yake stima ikapigwa kwenye ubongo kwa kasi ile ile. Nyani waliendelea kujibu vizuri, kana kwamba kidole kimetetemeshwa kweli.

Stima yenyewe ni ya kiasi gani? Kidogo mno. Kwenye tafiti hizi elektrodi moja hupitisha hadi takriban maikroampea 100. Chaja ya simu inayotoa ampea 2 inapitisha mara 20,000 ya kiasi hicho. Na kabla hujatimua mbio kwenda Luthuli Avenue kutafuta waya na betri: stima ya kubandika kwenye ngozi ya kichwa, kama ile ya vifaa vinavyouzwa mtandaoni, husambaa eneo kubwa na haiwezi kuchagua kidole. Usahihi huu unatokana na elektrodi zilizo ndani ya ubongo wenyewe, na hakuna njia ya kuzifikisha huko bila daktari kufungua fuvu. Wacha ubongo wako.

Je, inasaidia? Swali hilo lilijibiwa 2021. Copeland alipewa kazi za kushika vitu na kuvihamisha kwa mkono wa roboti. Alikuwa amezizoea kwa muda mrefu bila hisia, kwa macho tu, na alikuwa hodari. Bila mguso, muda wa kati wa kumaliza jaribio moja ulikuwa sekunde 20.9. Mguso wa bandia ulipowashwa, ulishuka hadi sekunde 10.2. Nusu ya muda. Sehemu kubwa ya muda aliookoa ilikuwa ule wa kuhangaika kama amekishika kitu sawasawa au bado. Alipogusa, alijua, akainua.

Hapa ndipo wengi hufunga ukurasa na kwenda kuweka posti. Ngoja kidogo, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo.

Hisia alizopata Copeland si kama zako. Alizieleza mara kama shinikizo, mara kama mtetemo, mara kama kuwashwa na stima. Nyingi mwanzoni zilitokea sehemu ya chini ya vidole na kiganjani, si kwenye ncha za vidole unazotumia kushika sindano. Hazikuwa maumivu, lakini pia hazikuwa mguso wa mama.

Sababu ni hesabu. Kiganja cha mtu kina takriban vipokezi vya mguso 17,000, kila kimoja na kazi yake: kipo cha shinikizo linaloendelea, kipo cha kitu kinapoanza kuteleza, kipo cha mtetemo mwembamba. Copeland alikuwa na elektrodi 64 za kuongea na ubongo wake. Tena elektrodi moja haigusi seli moja. Inaamsha kundi zima la seli kwa wakati mmoja, jambo ambalo mguso wa kawaida haufanyi. Ni kama kuingia sokoni Gikomba na kutaka kuzungumza na mteja mmoja kwa kutumia spika ya mkutano wa siasa.

Halafu ubongo wa mtu si redio yenye kitufe kimoja cha sauti. Ungedhani ukiongeza kasi ya mapigo, hisia inazidi kuwa na nguvu. Watafiti wa Pittsburgh waligundua kwamba kwenye elektrodi fulani ni kinyume: mapigo ya polepole ndiyo yaliyohisiwa kwa nguvu zaidi. Elektrodi ya jirani inafuata sheria nyingine. Kila mahali panahitaji kujifunza upya.

Mbona basi inafanya kazi hata kidogo? Fikiria makanga. Amening'inia mlangoni, dereva hamwoni wala hamsikii kwa kelele za muziki. Makanga anagonga bodi ya matatu. Kugonga kwa namna moja ni simama, kwa namna nyingine ni twende. Ishara yenyewe ni duni, lakini inafika kwa wakati, na dereva amejua maana yake. Mguso wa bandia kwa sasa uko kiwango hicho. Unagonga bodi. Hauimbi.

Watafiti wanajaribu kuufundisha kuimba. Desemba 2024 na Januari 2025, kikundi cha Chuo Kikuu cha Chicago na wenzao wa Pittsburgh kilichapisha kazi mbili. Moja ilionyesha kwamba hisia kutoka elektrodi ile ile hubaki mahali pale pale kidoleni kwa miaka, na kwamba kuwasha elektrodi mbili za maeneo yanayokaribiana kwa pamoja kunatoa hisia iliyo wazi zaidi. Nyingine ilionyesha kwamba ukiziwasha kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, mtu anahisi ukingo wa kitu, au kitu kinachotembea juu ya ngozi, hata umbo la herufi. Nyuma ya sehemu kubwa ya kazi hii yuko Sliman Bensmaia, mwanasayansi wa Chicago aliyetumia maisha yake kusoma lugha ya neva za mkono. Alifariki Agosti 2023, akiwa na miaka 49, kabla ya makala hayo kutoka.

Lakini kuna utafiti mwingine wa Pittsburgh, pia wa 2025, ambao ningependa kila anayeandika vichwa vya habari vya "roboti yahisi kama binadamu" aubandike ukutani. Watu watatu waliopooza, waliopandikizwa elektrodi, waliachiwa wabuni wenyewe mguso wa vitu vitano: tofaa, paka, ufunguo, taulo na kipande cha mkate uliochomwa. Walichezea mipangilio ya stima hadi wakasema, naam, hii inafanana na manyoya ya paka, hii inafanana na ufunguo. Kisha wakapewa miguso hiyo bila picha, wataje ni kitu gani. Walipatia asilimia 35.

Kukisia tu ovyo kati ya vitu vitano kungekupa asilimia 20. Kwa hivyo kuna kitu halisi pale, si uchawi wala bahati. Lakini mara mbili kati ya tatu waliambulia patupu. Hapo ndipo sayansi imefika, na sioni aibu yoyote ndani yake. Aibu ni kuwaambia watu kwamba imefika kwingine.

Na tuwekane sawa kuhusu Neuralink, maana najua utauliza. Noland Arbaugh, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha kampuni hiyo, Januari 2024, alipata uwezo wa kuendesha kompyuta na kucheza gemu kwa mawazo. Ni jambo kubwa kwake. Lakini kile ni kifaa cha kusikiliza, si cha kuongea. Wiki chache baada ya upasuaji, nyuzi nyingi za kifaa zilichomoka kwenye ubongo, ikabidi kampuni ibadilishe programu ili kiendelee kufanya kazi. Kusikiliza peke yake bado kuna vituko. Kuongea ni ngumu zaidi.

Haya yote yanatuhusu nini sisi? Jibu langu linaanzia kwenye bodaboda. Unajua mtu. Sote tunajua mtu: jirani, binamu, mwanafunzi mwenzako, aliyeanguka pikipiki bila helmeti na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nairobi tuna hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo, pale Lenana Road, na waliolazwa humo hawahitaji kuelezwa maana ya kupoteza hisia.

Kwa mtu aliyepooza, kukosa hisia si kukosa raha tu. Wewe ukikaa sana upande mmoja, makalio yanauma, unajisogeza bila hata kujua. Asiyehisi hajisogezi. Ngozi inabanwa, damu haipiti, kidonda kinaanza kimyakimya na kinaweza kufika mfupani. Vidonda hivyo vya mkandamizo vinaua. Dawa yake ya kwanza haina kompyuta: mto mzuri wa kukalia, godoro linalofaa, na mtu wa kumgeuza mgonjwa aliyelala kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mara nyingi mtu huyo ni mama au dada.

Kwa hivyo nikiulizwa leo pesa ziende wapi, mto na helmeti zinatangulia elektrodi, tena kwa mbali. Kusema hivyo si kuidharau sayansi ya Pittsburgh. Elektrodi zile hazitibu vidonda vya makalioni. Zinarudisha mguso wa kiganja kwa mtu mmoja mmoja, ndani ya maabara. Kuzichanganya hizo mbili ndiko kunakomfanya mzazi wa kijana aliyepooza auze shamba akifuata tangazo la "tiba ya chipu" kutoka ng'ambo. Mguso wa bandia wa aina hii hauuzwi popote. Ni utafiti, na wanaoufanyiwa ni wachache. Mtu akikutajia bei, huyo ni tapeli.

Sasa lile deni.

Copeland hakuahidiwa kupona. Aliingia akijua kwamba anachosaidia kujenga huenda kikawafaa wengine baada yake. Kichwani mwake zilitokeza soketi za chuma zilizofungwa kwenye fuvu, ambazo waya za kompyuta huchomekwa. Kufikia 2022 alikuwa ametimiza miaka 7 na vifaa hivyo, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake. Watu wa aina hii ndio wanaolipia maendeleo kwa ngozi na mfupa wao. Swali ni nani anawalipa wao, na si pesa ninazozungumzia. Elektrodi ikichakaa nani anaibadilisha? Ufadhili ukiisha nani anaendelea kushika simu?

Usidhani natunga hofu. Kulikuwa na jicho la bandia lililoitwa Argus II, la kampuni ya Second Sight ya Marekani. Liliwekwa kwenye retina na kuwapa vipofu miale ya mwanga kwa kutumia stima, ndugu wa karibu kabisa wa teknolojia hii ya mguso. Zaidi ya watu 350 duniani walipandikizwa. Kisha kampuni ikaishiwa pesa, ikaacha kulitengeneza, na mwaka wa 2022 jarida la IEEE Spectrum likaeleza jinsi watumiaji walivyobaki na vifaa visivyo na fundi ndani ya macho yao. Simu yako ikikosa apdeti unanunua nyingine. Jicho je?

Mfano mwingine ni Ian Burkhart wa Ohio. Alivunjika shingo 2010 akipiga mbizi baharini, akiwa na miaka 19. Mwaka wa 2014 alipandikizwa kifaa, na akawa mtu wa kwanza aliyepooza kuusogeza mkono wake mwenyewe, si wa roboti, kwa mawimbi ya ubongo yaliyorukishwa juu ya uti uliokatika hadi kwenye misuli. Mwaka wa 2020 watafiti wake walitangaza jambo la kushangaza: mkono wake, ambao yeye hakuuhisi, bado ulikuwa unapeleka ishara dhaifu za mguso hadi kwenye ubongo. Zilikuwa hafifu mno kwake kuzitambua, lakini kompyuta ilizinasa, na kuzigeuza papo hapo kuwa mtetemo wa bendi iliyofungwa juu ya mkono wake, sehemu ambayo bado alihisi. Hakuna stima iliyoandikwa kwenye ubongo hapo. Ila akishika kitu, bendi ilimjulisha.

Mwaka uliofuata alipata maambukizi kichwani, na kifaa kikatolewa. Mkono aliokuwa akiuendesha kwa miaka 7 ukalala tena. Leo anaongoza kundi la watu waliopandikizwa vifaa vya ubongo, linaloitwa BCI Pioneers Coalition, na wanachodai ni kukaa meza moja na wahandisi, madaktari na kampuni wakati kifaa bado kiko kwenye karatasi, kabla hakijaingia kichwani mwa mtu mwingine.